Muulize Kwanza Anamwaga Wapi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka shimo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa mgeni wa safu hii: nilishika mpira wa gari la majitaka kwa miaka 11, ile 4 ya mwisho nikiwa na gari langu mwenyewe, kisha nikavuka upande wa pili nikawa mkaguzi wa magari hayo hayo kwa miaka 9. Uongo wa pande zote mbili naujua, na mwingine niliusema kwa mdomo wangu.

Namba tatu za simu

Shikamoo mzee. Choo chetu cha ndani kimeanza kunguruma kila ninapovuta maji, na bafuni maji yanasimama kabla ya kuondoka. Nimepewa na jirani namba tatu za watu wa kunyonya. Wote wanasema wana leseni. Wa kwanza bei yake ni karibu nusu ya wengine. Wa pili kanitumia picha ya leseni kwenye simu. Wa tatu hataki kutaja bei mpaka aje aone, na mume wangu anasema huo ni ujanja wa kutafuta nyongeza. Nimchukue nani? — Mama wa Watoto Watatu

Marahaba, mama. Mumeo nimemwelewa, maana kweli wapo wanaokuja "kuona" ili wapime mfuko wa mwenye nyumba. Lakini anayetaja bei ya shimo asilolijua ndiye wa kuogopa zaidi. Hajui tangi lako ni la lita ngapi, lina chumba kimoja au viwili, mfuniko uko wazi au umefukiwa, wala gari litasimama umbali gani kutoka hapo. Mpira una urefu wake. Ukiungwa vipande vingi, pampu inachoka na tope zito linabaki chini. Huyo wa tatu mpe nafasi. Nafasi tu, kazi bado.

Sasa wapigie wote watatu uwaulize neno moja: "Ukishanyonya, unamwaga wapi?" Kisha nyamaza usikilize.

Mwenye leseni hujibu kwa kulalamika. Atakutajia mtambo au mabwawa ya majitaka kwa jina, halafu ataanza: foleni ndefu, geti linafungwa mapema, mvua ikinyesha gari linakwama, ada ya kumwaga imepanda tena. Malalamiko ya namna hiyo hayatungiki, mtu huyajua kwa kuyakalia. Asiye na leseni atakwambia, "Usijali mama, hiyo ni kazi yetu." Nasi kwenye gari tulikuwa nayo sentensi hiyo, na tuliitumia zaidi siku ambazo geti lilikuwa limeshafungwa.

Hapo ndipo ile nusu ya bei inapotoka. Gari ni gari na mafuta ni mafuta, gharama ya kunyonya haipishani kiasi hicho. Anayeshusha bei namna hiyo mara nyingi ameikata safari ya mtamboni pamoja na ada yake, na mzigo wako ataufungulia mtaroni au korongoni usiku. Zipo sheria zinazombana hata mwenye nyumba ulikotoka mzigo huo. Na jirani yako usimlaumu: yeye anamjua aliyekuja haraka, hajui alikokwenda baadaye.

Tuje kwenye ile picha. Leseni ya kazi hii huisomi jina peke yake. Tazama kazi iliyoruhusiwa, tazama tarehe ya mwisho, na zaidi ya yote tazama namba ya gari, kwa sababu mahali pengi kibali cha kusafirisha majitaka hutolewa kwa gari lililokaguliwa, si kwa mtu tu. Leseni ya biashara ya kawaida, ile ambayo hata muuza viatu anayo, haitoshi.

Siku moja nilisimamisha gari lililopakwa rangi vizuri kuliko mengi. Dereva akashuka na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, safi kabisa, akanishikia mbele ya macho. Jina sawa, muhuri sawa. Nikamwomba aigeuze, akaigeuza. Nikamwomba airudishe, akairudisha. Muda wote huo kidole gumba chake cha kulia hakikuhama kwenye kona ya chini. Nikamshika kidole kwa adabu nikakiinua. Tarehe ilikuwa imepita miezi 14. Nikazunguka nyuma na karatasi mkononi, nikaiweka kando ya kibao cha namba: herufi mbili za mwisho hazikufanana. Leseni ilikuwa ya gari jingine, ambalo kampuni ilikuwa imeshaliuza.

Kwenye picha ya simu kidole gumba hakionekani, ila kona huwa imekatwa. Tazama kama imekatwa. Halafu chukua namba ya leseni uisome kwa ofisi iliyoitoa. Ofisi hiyo inatofautiana mahali na mahali: kwingine ni halmashauri, kwingine mamlaka ya maji, kwingine idara ya afya au ya mazingira. Namba ya simu ya ofisi itafute mwenyewe, usipige ile iliyochapwa kwenye karatasi yake. Nyingi ya ofisi hizo zina orodha ya wenye vibali, na ukiweza anzia kwenye orodha hiyo kabla ya namba za jirani.

Lakini mama, kabla hujamwita yeyote, nenda kwenye chemba iliyo kati ya nyumba na tangi, uinue mfuniko wake. Mtu avute maji ndani. Kama choo kinagoma na chemba iko kavu, tatizo lako ni bomba lililoziba upande wa nyumba, na unamhitaji mzibuaji, si gari. Mwenye gari hatakwambia hivyo. Atanyonya tangi lisilo na kosa, achukue pesa, na kesho choo kitanguruma vilevile. Chemba ikiwa imejaa hadi juu, tatizo liko mbele yake, kwenye tangi au zaidi ya hapo. Basi endelea na simu zako.

Siku ya kazi simama karibu, upande unakotokea upepo. Anyonye kupitia mfuniko mkubwa, asipitishie mpira kwenye bomba dogo la kuchungulia. Akipitia hapo anaweza kuvunja kile kiungo cha T kinachozuia mafuta yasitoke, na tope la pembeni hataligusa. Kama tangi lina vyumba viwili, vyote viwili vifunguliwe. Ujanja wa kawaida ni kunyonya maji, kuacha tope, na kukuonyesha shimo lililoshuka. Risiti iandikwe lita, namba ya gari na mahali pa kumwaga. Anayesitasita kuandika hilo la tatu, umeshampata.

Linajaa kila baada ya miezi miwili

Ndugu mkaguzi, kampuni inayonihudumia ina leseni halali, nimeihakiki. Lakini kila nikifungua tangi baada ya wiki moja nakuta maji yako pale pale juu, na kila baada ya miezi miwili wanakuja tena. Wananiibia? — Mwenye Nyumba Aliyechoka

Ndugu yangu, tangi la septiki lililo zima huwa limejaa maji siku zote. Ndivyo lilivyotengenezwa: maji yanaingia upande huu, mengine kiasi hicho hicho yanatoka upande ule. Kizito kinazama kuwa tope, mafuta yanaelea kuwa utando, na maji ya katikati ndiyo yanayokwenda kwenye shimo la kufyonza, lile la pili linaloyaachia yazame ardhini. Piga hesabu: watu watano wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku ni lita 500. Tangi la lita 3,000 linajaa kwa siku 6. Gari likiondoka Jumatatu, Jumapili maji yamerudi mahali pake, na hakuna aliyekuibia.

La kutazama ni mahali yanaposimama. Yakiwa sawa na mdomo wa bomba la kutokea, tangi ni zima. Yakiwa chini yake, tangi linavuja, na majirani wenye visima wana haki ya kukasirika. Yakipanda juu ya bomba hilo, shimo la kufyonza limegoma kupokea. Nadhani wewe ndiko uliko, maana hakuna nyumba ya kawaida inayotengeneza tope la kujaza tangi kwa miezi miwili.

Tope lenyewe hupimwa. Chukua mti mrefu ulionyooka, zungushia taulo jeupe lililochakaa kuanzia ncha ya chini hadi nusu yake, ufunge kwa kamba. Uteremshe polepole mpaka uguse sakafu, subiri dakika chache, uutoe. Taulo litatoka jeusi chini na la kijivu juu, na mpaka kati ya rangi hizo ndio uso wa tope. Uso huo ukiwa umefika sentimita 30 chini ya mdomo wa kiungo cha T cha kutokea, au utando wa mafuta umebakiza sentimita 15 kufika kwenye mdomo huo, muda wa gari umefika. Kabla ya hapo unalipia maji. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, huwashauri wenye nyumba tangi likaguliwe walau kila miaka 3, na kunyonya kwa kawaida kuwe kila miaka 3 hadi 5. Wewe umefikisha mara sita kwa mwaka.

Safari ijayo, gari likimaliza na pampu kuzimwa, kaa kimya usikilize. Ukisikia maji yanachuruzika kurudi ndani ya tangi kutoka kwenye bomba la kutokea, basi ardhi ya kule imeshashiba na inakurudishia. Sababu zinaweza kuwa tope lililovuka zamani likaziba udongo, mizizi, gari linaloegeshwa juu ya shimo, au maji ya mvua ya paa ambayo fundi fulani aliyaelekeza humo ili asichimbe mtaro mwingine. Hii ya mwisho nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na dawa yake ni kipande cha bomba na asubuhi moja.

Hao wenye gari hawakuibii kisheria, ila wamenyamaza, na kunyamaza kunawalipa. Unayemhitaji sasa ni fundi mwenye kibali cha kujenga na kukarabati mifumo. Mahali pengi ni leseni nyingine kabisa. Leseni ya kunyonya si leseni ya kuchimba, na wenye gari wakikwambia "hilo nalo tutakufanyia", waombe karatasi ya pili.

Atashuka kwa kamba

Mzee wangu, hapa ninapoandika fundi yuko uani. Pampu yake ndogo imeshindwa na tope la chini. Anasema atashuka kwa kamba na ndoo alimalizie, aongezewe kidogo tu. Ana kijana wa kumshikia kamba. — Baba Mwenye Haraka

Barua huchelewa, kwa hiyo naomba iwe ulikataa.

Ndani ya tangi kuna haidrojeni salfaidi, gesi nzito kuliko hewa, inayokaa chini na kufumuka zaidi tope likikorogwa. Mwanzoni inanuka yai viza. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni moja za hewa, pua inakufa ganzi, na mtu anadhani harufu imekwisha. Pamoja nayo kuna methani, na oksijeni ni haba. Anayeshuka hapati muda wa kuita. Kamba inalegea, kijana anamwona baba yake amelala, naye anashuka.

Nilifika mara moja mahali palipotokea hivyo, kuja kunyonya ili watolewe. Kando ya mfuniko kulikuwa na jozi mbili za kandambili, kubwa na ndogo, zimepangwa vizuri kama za mlangoni.

Tope zito linashughulikiwa hivi: gari lenye pampu ya kutosha hurudisha sehemu ya maji kwa nguvu, yanalikoroga, kisha linavutwa tena. Ni dakika chache. Ikibidi kweli mtu aingie, kwa mfano kuziba ufa, ni kazi ya watu wenye kipimo cha gesi, feni ya kusukuma hewa, mkanda wa mwili mzima na winchi juu ya shimo, na kibali chao hutaja kuingia humo. Anayejitolea kushuka kwa kamba na ndoo amekuonyesha kwamba hajafundishwa na yeyote, hata awe na karatasi gani mfukoni.

Unga wa kula tope

Kaka, mkandarasi wangu ni mzuri na leseni yake ni safi. Sasa ananiuzia unga wa bakteria wa kumwaga chooni kila mwezi ili nisihitaji kunyonya tena. Una maoni gani? — Dada Mpenda Usafi

Dada, leseni imekagua gari lake, haikukagua ulimi wake. Bakteria unaowahitaji mnawatoa wenyewe kila asubuhi, bure. Mfaransa Jean-Louis Mouras, aliyepata hataza ya tangi la namna hii mwaka 1881, hakuuziwa unga na mtu, na EPA nao wanasema viongezeo hivyo si vya lazima. Mchanga, plastiki na sehemu ya tope isiyooza hakuna unga utakaovila. Kwa kuwa jina lako linanitia wasiwasi: punguza dawa kali za kuua vijidudu, hizo ndizo zinazowamaliza wafanyakazi wako wa chini. Pedi, nepi na tishu za majimaji zisiende huko hata kama pakiti inasema zinayeyuka.

Tangi limepotea

Tumenunua nyumba ya zamani na muuzaji hakumbuki tangi liko wapi. Mkandarasi anataka alipwe kulitafuta. Ni halali? — Wageni wa Mtaa

Ni halali, maana ni kazi. Ila nusu yake mnaweza kuifanya wenyewe. Tazameni bomba kubwa la choo linatoka ukuta gani, mfuate uelekeo wake, chemba kwa chemba. Tangi huwa mita 3 au zaidi kutoka ukutani, upande ambao ardhi inateremka. Tafuteni mstatili ambao majani yake yamekauka mapema kuliko mengine, kwa kuwa udongo juu ya zege ni mwembamba. Chomeni taratibu kwa nondo nyembamba, taratibu kweli, msije mkatoboa bomba. Ofisi ya ujenzi ya mahali penu inaweza kuwa na ramani. Hayo yakishindikana, mkandarasi mwenye kamera ya bomba au kifaa cha kutoa mawimbi kinachopitishwa chooni atalipata kwa muda mfupi.

Msitembee ovyo juu ya mahali mnapopashuku. Mifuniko ya zamani ni mbao au bati lililoliwa na kutu, na huvunjika pasipo kulia kwanza. Watoto wakae mbali mpaka mfuniko ujulikane uko wapi na umewekwa mwingine wa zege au wa chuma wenye komeo.

Likipatikana, pimeni kutoka kona mbili za nyumba hadi katikati ya mfuniko, mkaandike namba hizo mbili ndani ya mlango wa kabati la mita ya umeme, pamoja na tarehe ya kunyonya na namba ya leseni ya aliyenyonya. Kama kuna kisima uani, pimeni na umbali wake. Shimo la kufyonza likiwa chini ya mita 30 kutoka hapo, maji hayo yapelekwe kupimwa kabla hamjaendelea kuyanywa.

Kwa kifupi

Bwana uliyeuliza kama bado nauza gari langu la zamani pamoja na leseni yake: gari liliuzwa zamani, na leseni niliirudisha ofisini siku hiyo hiyo. Ukikutana na mtu anayekuonyesha karatasi yenye jina langu, mwombe ainue kidole.